Kichwa cha Treni Kinachokwama na Kuchechemea

Maswali na Majibu ya Wasomaji

Kwa toleo hili tumechagua barua tatu zinazohusu treni ndogo za mfano zinazoendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa DCC, ambao hukipa kila kichwa amri zake kupitia reli. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa kuwa tatizo lake ndilo linalowasumbua wengi.

Swali. Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu ninayeishi Leicester, Uingereza, na tangu nistaafu nimejishughulisha na treni za mfano, mapenzi niliyoyarithi kwa marehemu baba yangu aliyekuwa karani wa reli kule Tabora. Ninacho kichwa kidogo cha shanta (cha kupangia mabehewa), mfano wa Class 08 ya reli za Uingereza wa skeli ya OO (1:76), chenye dekoda ya DCC, yaani kifaa cha ndani kinachopokea amri na kuiongoza mota, na taa mbele na nyuma. Kikienda polepole hukwama kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, mpaka nikisukume kwa kidole. Kwenye reli iliyonyooka husimama ghafla, kisha huondoka chenyewe, na hata kinapokwenda huchechemea. Rafiki yangu alinishauri nibadilishe namba za mipangilio ya dekoda, yaani CV 2, 3, 4 na 5, nami nikabadilisha bila kuona nafuu yoyote. Baadaye niliirudisha dekoda katika hali ya kiwandani, na sasa kichwa hakiitiki kabisa kwa namba yake ya 31. Je, dekoda imeungua? Ninunue nyingine?

Jibu. Ndugu msomaji, usinunue dekoda nyingine kwa sasa. Dekoda iliyorudishwa katika hali ya kiwandani huisahau namba uliyoipa na kurejea namba 3, kwa hiyo kiite kichwa chako kwa 3 na huenda kitaitika mara moja. Kikiitika, irudishie namba ya 31 kupitia CV 1, kisha ziache CV nyingine zote kama zilivyo, hata kama rafiki yako anayo orodha ndefu zaidi ya kujaribu. Namba hizo huiambia dekoda namna ya kuugawa umeme iliokwisha kuupata. Hazina uwezo wa kuuleta umeme usiofika, wala wa kuunyoosha mkono wa magurudumu uliopinda. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wanaoniandikia huanzia kwenye CV, ambako palipaswa kuwa mwisho wa safari yao.

Dalili ulizozitaja si za ugonjwa mmoja. Kukwama kwenye pointi na kusimama ghafla ni dalili za umeme kukatika, ilhali kuchechemea kunaweza kutokana na umeme, na mitambo, au na dekoda yenyewe. Ili kuzitenganisha, unacho kipimo kizuri ambacho hukukinunua kwa ajili hiyo, nacho ni taa. Zima taa za chumbani, washa taa ya mbele ya kichwa, kiendeshe kwa hatua ya 4 au ya 5 kati ya hatua 28 za mwendo, kisha itazame taa badala ya magurudumu. Ikiwa taa inazimika au kufifia papo hapo kichwa kinaposimama, umeme haukuifikia dekoda. Ikiwa taa inaendelea kuwaka vizuri huku magurudumu yakisita, umeme upo na kosa liko upande wa mota, wa gia au wa namna dekoda inavyoiongoza mota. Kabla ya kuiamini taa, hakikisha kwamba kidhibiti chako na dekoda vimepangwa kwa idadi ileile ya hatua za mwendo, kwani kidhibiti cha hatua 28 kikizungumza na dekoda iliyopangiwa hatua 14, taa huwaka na kuzimika kila unapoongeza mwendo, nawe utadhani umeme unakatika. Aidha, kama kichwa kimefungwa kapasita ya akiba, inayohifadhi umeme kidogo wa kutumika unapokatika, iondoe kwanza, maana itaificha dalili unayoitafuta.

Huenda unajiuliza kwa nini kichwa cha namna hii kinasumbuliwa na uchafu kuliko vile vya zamani vya umeme wa mkondo mnyoofu. Katika mfumo wa DCC, ambao viwango vyake viliidhinishwa na NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, katika miaka ya 1990 kwa kufuata kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, reli mbili hubeba nguvu na amri kwa pamoja. Umeme wa relini hugeuka upande huu na upande ule mfululizo, na dekoda huusoma ujumbe kwa kupima urefu wa kila mgeuko: mikrosekunde 58 ni 1, na mikrosekunde 100 au zaidi ni 0. Kichwa cha zamani kikipita juu ya uchafu, mota yake huendelea kuzunguka kwa msukumo iliokuwa nao na kuupokea umeme tena ng'ambo ya pili. Dekoda ikikosa umeme hata kwa sehemu ndogo ya sekunde huzimika, na ukirudi haina budi kuamka upya, kuisubiri amri inayoihusu, kisha kuanza kupandisha mwendo kwa utaratibu uliowekwa katika CV 3. Ikiwa rafiki yako alikupandishia CV 3 hadi 30 au 40, basi kila kukatika kidogo kuligeuka kuwa kusimama kwa muda mrefu, na hilo laweza kuwa limeongeza usumbufu badala ya kuupunguza.

Sasa tafuta umeme unakatikia wapi. Weka kipande kidogo cha karatasi kando ya reli kila mahali kichwa kinaposimama, ukiendesha mizunguko kadhaa. Karatasi zikijikusanya sehemu zilezile, kosa ni la reli. Zikitawanyika kila mahali, kosa ni la kichwa. Mara nyingi utaona yote mawili, na kwa maelezo yako sitashangaa ikiwa hivyo.

Upande wa reli, chukua sarafu na kuilaza juu ya reli zote mbili, mbali na mahali nyaya za umeme zilipounganishwa. Kidhibiti kinapaswa kuigundua shoti hiyo na kukata umeme mara moja. Kikichelewa au kisipokata kabisa, iondoe sarafu haraka, kwani umeme unapotea njiani, aghalabu kwenye viungio vya chuma vinavyoshika kipande kimoja cha reli na kingine. Viungio hivyo hulegea kwa kufunguliwa na kufungwa. Dawa yake ni kulehemu waya mwembamba chini ya kila kipande cha reli na kuziunganisha nyaya hizo na waya mnene unaopita chini ya meza, ili kila kipande kipate umeme wake pasipo kutegemea jirani yake.

Kuhusu pointi, angalia pale reli mbili za ndani zinapokatana. Katika aina nyingi za pointi sehemu hiyo ni plastiki na haina umeme. Vichwa halisi vya Class 08, ambavyo vilijengwa 996 kati ya 1952 na 1962, vina kama mita 3.5 kutoka ekseli ya kwanza hadi ya tatu. Katika mfano wako wa 1:76 umbali huo ni milimita 46 tu. Gurudumu moja linapokuwa juu ya plastiki, ni mawili tu upande huo yanayobaki kwenye chuma, na mojawapo likiwa chafu au likining'inia hewani kwa sababu reli haikulala sawasawa, kichwa kimesimama. Pointi ambazo makutano yake ni ya chuma hupunguza shida hii sana, mradi ziwe na swichi ya kuyabadilishia umeme kila zinapogeuzwa, la sivyo zitaleta shoti. Lakini usikimbilie kuzing'oa pointi zako kabla hujahakikisha kwamba magurudumu yote sita yanachukua umeme, kwa kuwa kichwa cha magurudumu sita kilicho safi huvuka plastiki bila taabu.

Kuyahakikisha magurudumu hayo ni kazi ya dakika chache, nami nitaieleza kwa utuvu kwa kuwa hapa ndipo wengi hupata jibu lao. Kilaze kichwa chali juu ya sponji. Chukua nyaya mbili zenye vibanio, ubane kila moja kwenye reli yake, na ncha za upande wa pili uziguse kwenye magurudumu: ncha moja kwenye gurudumu la kushoto, nyingine kwenye la kulia. Kipe kichwa amri ya kwenda polepole. Ncha ya kulia ikiwa imetulia mahali pake, ihamishe ile ya kushoto kwenye gurudumu la kwanza, la pili na la tatu, kisha fanya hivyo hivyo upande wa pili. Gurudumu ambalo likiguswa mota haizunguki, au inazunguka kwa kusitasita, ndilo linalokuangusha. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utakuta mojawapo ya mambo matatu. La kwanza ni gamba jeusi kwenye ukingo wa gurudumu, ambalo huondolewa kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti ya isopropili kiasi tu, umeme ukiwa umezimwa na dirisha likiwa wazi, kwa sababu spiriti hiyo huwaka moto. La pili ni unyuzi wa zulia au unywele uliojizungusha kwenye ekseli, ambao hutolewa kwa kibano chenye ncha kali. La tatu ni kile kibamba chembamba cha shaba kinachopaswa kuugusa mgongo wa gurudumu kuwa kimejikunja na kuuacha. Kirudishe kwa kukisukuma polepole ukitumia ncha ya sindano, kisha lisogeze gurudumu kushoto na kulia ndani ya nafasi yake na uhakikishe kwamba kibamba kinalifuata pande zote. Usikikaze mno, maana kibamba kinachobana hugeuka breki na kukuletea mwendo mbovu wa aina nyingine.

Baada ya kazi hiyo, naamini kule kusimama ghafla kutakuwa kumepungua sana, na utaweza kukishughulikia kile kuchechemea peke yake. Kitazame kichwa kwa ubavu kikienda polepole kabisa. Je, mshtuko unakuja mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, katika nafasi ileile ya mikono inayounganisha magurudumu? Ikiwa ndivyo, kosa ni la mitambo. Mikono ya upande wa kushoto na ya kulia hupishana kwa nyuzi 90, na gurudumu moja likiteleza kidogo kwenye ekseli yake, mikono hukabana mara moja katika kila mzunguko. Mkono uliopinda kwa kuangushwa hufanya vilevile, na gia ya plastiki iliyopasuka au iliyonasa uchafu kati ya meno yake hushtua kwa mpigo wake yenyewe.

Uthibitisho wa mwisho ni kuiondoa dekoda, kukichomeka kile kiziba kilichokuja na kichwa kwa ajili ya umeme wa mkondo mnyoofu, na kukiendesha kwa kidhibiti cha zamani cha volti 12. Usipokuwa nacho, betri ya volti 9 iliyoguswa moja kwa moja kwenye vituo viwili vya mota inatosha, lakini kamwe usifanye hivyo dekoda ikiwa ingali imechomekwa, kwani unaweza kuiunguza. Kichwa kikichechemea hata bila dekoda, hakuna CV itakayokiponya. Kifungue, osha grisi ya zamani iliyoganda, tafuta meno yaliyovunjika, kisha weka mafuta mapya yaliyoandikwa kuwa hayadhuru plastiki, tone moja dogo kwa ncha ya sindano kwenye kila mhimili. Mafuta mengi ni adui: husambaa hadi kwenye magurudumu na kunasa vumbi, au hupenya kwenye mota na kuchanganyika na unga wa kaboni, mota ikaanza kusita na kutoa cheche.

Kichwa kikienda vizuri kwa mkondo mnyoofu na kuchechemea kwa dekoda pekee, hapo ndipo namba zinapopata kazi. Mota inayozunguka huzalisha volti zake yenyewe. Dekoda za kisasa huukata umeme kwa muda mfupi sana, mara nyingi kila sekunde, zikapima volti hizo ili kujua mota inazunguka kwa kasi gani hasa, na kuongeza au kupunguza nguvu ipasavyo. Vipimo vya kiwandani visipoafikiana na mota yako, dekoda huongeza mno, hupunguza mno, huongeza tena, na kichwa hutetemeka. Kwanza angalia kama kati ya vituo vya mota kuna kapasita ndogo ya kuzuia mawimbi ya redio, kwa sababu huvuruga upimaji huo na watengenezaji wengi wa dekoda hushauri iondolewe. Kisha soma kijitabu cha dekoda yako, maana CV za kazi hii hutofautiana kati ya kampuni na kampuni: katika dekoda za ESU zinazofahamika sana, kuandika 0 kwenye CV 54 na kubonyeza kitufe cha F1 cha kidhibiti hukifanya kichwa kijipime chenyewe kwa kwenda mbio kwa muda mfupi, kwa hiyo kiwekee nafasi ya kutosha mbele, ilhali kwa Zimo utashughulika na CV 9 na CV 56. Badilisha moja, jaribu, andika ulichoona, ndipo uguse nyingine. Kubadilisha nne kwa mpigo, kama mlivyofanya, hakukufundishi lolote hata ukifanikiwa.

Nimeiacha makusudi ile kapasita ya akiba ambayo wauzaji huipendekeza kabla ya kingine chochote. Ni kifaa kizuri, nami ninakipenda katika vichwa vya magurudumu manne, kwa kuwa hukipa kichwa umeme wa kuvukia plastiki au uchafu. Hata hivyo, ukikifunga kwenye kichwa kichafu utakuwa umefunika tatizo ambalo litaendelea kukua, na baadhi ya dekoda hukataa kusomwa au kuandikwa kwenye reli ya kupangia (kipande cha reli cha kubadilishia CV) kapasita ikiwa imeunganishwa. Fanya usafi kwanza, ndipo uamue kama bado unaihitaji.

Swali. Ndugu Fundi, hujambo? Ninaishi Toronto na ninacho kichwa cha dizeli cha skeli ya N, iliyo ndogo kuliko OO. Kwa kawaida kinakwenda vizuri, lakini mara nyingine shoti ikitokea kwenye pointi na umeme ukarudi, hukimbia chenyewe kwa kasi yake yote bila kusikiliza kidhibiti, na safari moja kilianguka sakafuni. Je, dekoda ni mbovu?

Jibu. Sijambo, ahsante. Kwa maelezo yako, dekoda huenda ni nzima na inafanya kile ilichoruhusiwa kufanya. Dekoda nyingi hutoka kiwandani zikiwa na ruhusa ya kutumika pia kwenye reli za mkondo mnyoofu. Umeme unaporudi baada ya shoti, dekoda isipozitambua amri za DCC mapema hudhani imewekwa kwenye reli za namna hiyo, na kwa kuwa volti za relini ziko juu, huipa mota nguvu zote.

Ruhusa hiyo imo ndani ya CV 29, ambayo ni jumla ya thamani kadhaa: 1 hugeuza upande wa mbele kuwa nyuma, 2 huchagua hatua 28, 4 huruhusu mkondo mnyoofu, 16 hutumia jedwali la mwendo, na 32 hutumia namba ndefu ya kichwa. Unachotakiwa kuondoa ni ile 4. Isome CV 29 kwanza. Ukikuta 6, andika 2. Ukikuta 7, andika 3. Ukikuta 38, andika 34. Lakini ukikuta tayari ni 2 au 34, basi 4 haimo na usipunguze kitu, kwani utazivuruga thamani nyingine na kichwa kinaweza kuacha kuitika. Baada ya badiliko hilo kichwa hakitaenda tena kwenye reli za rafiki yako anayetumia mfumo wa zamani mpaka uirudishe ile 4.

Hata hivyo, shoti za mara kwa mara kwenye pointi zina sababu yake. Pima kwa kipimo maalumu umbali kati ya magurudumu mawili ya kila ekseli, maana gurudumu lililosogea ndani au nje hugusa reli mbili zenye umeme tofauti linapopita pale zinapokaribiana.

Swali. Mimi ni msomaji wa Nairobi. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya vumbi na reli za treni yangu huchafuka kila wiki. Nimekuwa nikizisugua kwa msasa, na jirani yangu ananishauri nitumie petroli. Mnasemaje?

Jibu. Petroli usiitumie kabisa, kwa sababu mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo na reli zenye umeme hazikosi cheche. Zaidi ya hayo, inaweza kuziharibu plastiki za reli na za mabehewa. Msasa nao uache. Reli nyingi za mfano zimetengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki, na msasa huzichora mistari midogo ambamo uchafu hukaa, ndiyo maana unaona zinachafuka upesi zaidi kila unaposugua. Tumia kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kilichofungwa kwenye kipande cha mbao na kuloweshwa kidogo kwa spiriti ya isopropili, ukipitisha kwa urefu wa reli mpaka kitambaa kitoke cheupe. Acha zikauke kabla ya kuwasha umeme. Yasafishe pia magurudumu ya mabehewa, ambayo watu huyasahau kwa kuwa hayachukui umeme. Yakiwa ya plastiki hukusanya gamba na kulipaka upya kwenye reli ulizomaliza kuzifuta asubuhi. Na meza yako ikiwa karibu na dirisha, ifunike kwa shuka jepesi kila unapomaliza kucheza.